Manjano Yasivuke Kemondo

Redio ilikoroma, kisha sauti ikasema:

"Manjano yameondoka Nshamba. Yasivuke Kemondo."

Kagaruki akakanyaga mafuta. Land Rover iliruka shimo moja, ikatua kwenye jingine.

Manjano lilikuwa jina la siri la sanduku la barafu lenye chupa mia mbili za damu. Daktari Kokugonza alizikusanya kwa miaka mitatu, Muleba nzima, kwa watu waliougua ini: macho ya njano, tumbo limejaa maji. Asubuhi hiyo alimkaribisha chai mpigapicha mmoja mgeni, Keller. Chai ilinywewa. Sanduku likatoweka.

Chupa namba 88 ilikuwa ya Datius.

Datius, kaka yake Kagaruki, alizikwa Kishanda mwezi uliopita. Ukoo ulisema mkewe, Klaudia, alimtilia sumu kwenye lubisi, pombe ya ndizi. Jumamosi ijayo kikao cha ukoo kingemfukuza kwenye kibanja, shamba la mumewe.

"Bado sijaipima ile chupa," Daktari alikuwa amemwambia. "Nikikuta kirusi cha ini, nitakwenda kikaoni mwenyewe. Nirudishie tu."

Kemondo. Kizuizi.

"Kibali cha Jumapili?" aliuliza mgambo, mzee Lameki.

Saa nane ilishapita. Mwaka ule, 1974, petroli ilikuwa haba, na gari binafsi halikuruhusiwa barabarani Jumapili baada ya saa hiyo. Land Rover ya Kagaruki ilikuwa na namba za raia. Akatoa kitambulisho cha usalama.

"Lo! Samahani, waitu. Tumeyakamata manjano!"

Kagaruki akatoa kichwa dirishani. Lameki akafunua turubai.

Makopo mawili ya bizari ya manjano.

"Yalikuwa kwenye basi. Mwenyewe kakimbia."

Kagaruki alifumba macho, akayafumbua. Bizari ilikuwa palepale.

"Na mzungu mwenye Peugeot?"

"Yule aliyesema amebeba chanjo? Ana kibali. Tulimpekua kahawa ya magendo, hana hata punje. Sanduku lake barafu tupu."

"Barafu, Lameki!"

"Amri ilisema manjano, waitu. Barafu ni nyeupe."

Kagaruki akashika gia.

"Ngoja, utie sahihi ya kielelezo," alisema Lameki, akipakia makopo nyuma taratibu, kama mtu anayepanga mayai.

Dakika nne. Nne nzima!

Bukoba. Uwanja wa ndege. Cessna ilikuwa tayari inazungusha panga lake, na Keller alikuwa akipandisha sanduku. Kagaruki hakupiga honi. Aliiegesha Land Rover mbele ya pua ya ndege, akashuka na bastola, Walther, mkononi.

"Jumapili huruhusiwi kuendesha, bwana," alisema Keller. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. "Kampuni yangu itatengeneza chanjo kwa damu hii. Ninyi mtaifanyia nini? Mna friji ya mafuta ya taa!"

"Weka chini. Polepole. Humo yumo kaka yangu."

Mkono wa Keller uliteleza ndani ya koti.

Kagaruki akafyatua risasi moja. Gurudumu la Cessna likapumua, ndege ikalala upande. Rubani akazima injini, akainua mikono. Keller naye akautoa wake kotini, mtupu.

Sanduku likashuka. Polepole.

Polisi walipomchukua Keller, Kagaruki alipiga simu kwa mkuu wake, Gamaliel. Mtambo ulikata mara tatu.

"Manjano?"

"Ninayo, mzee."

"Peleka ghala la vielelezo. Yakae hadi kesi."

"Ghala ni la bati, mzee. Damu itaoza kwa siku moja. Daktari ana..."

"Amri imeandikwa: manjano yapelekwe ghalani. Neno gani hulielewi?"

Kagaruki alikaza meno. Miaka mitatu ya Daktari. Jumamosi ya Klaudia. Akatazama nje dirishani. Nyuma ya Land Rover, turubai lilikuwa limefunuka.

"Nimelielewa, mzee. Manjano."

Karani wa ghala alifungua kopo, akanusa, akapiga chafya mbili. Kisha akaandika risiti: Manjano, makopo mawili. Yamepokelewa. Akagonga muhuri.

Jua lilikuwa linashuka alipofika tena Kemondo. Lameki akainama dirishani.

"Safari hii kibali unacho, waitu?"

Kagaruki akampa ile risiti. Lameki aliugeuza muhuri huku na huku, akatikisa kichwa kwa heshima, akainua mti wa kizuizi.

Nyuma chupa ziligongana kidogo katika barafu. Kagaruki akapunguza mwendo, akakwepa shimo, akashika njia ya Muleba.

Alikuwa na siku sita.