Ubeti wa Mke

"Mama, mwambie mwanao asogeze kiti, nataka kupita."

"Mama, mwambie mkweo hapo hata lori linapita."

"Nimechoka," nikawaambia wote wawili. "Mimi si simu yenu."

Mwanangu ni dereva wa malori, mkewe muuguzi. Jioni aliyorudi safari, mkewe aliingia na viatu vya kazini miguuni, mkoba bado begani. Mume kajinyoosha kwenye kochi, neno la kwanza: "Chai iko wapi?" Hakujibiwa, na hajajibiwa hadi leo. Begi jekundu la mkewe, limeshafungwa, liko nyuma ya mlango wa chumbani. Mkwe wangu anangoja tu binti yao amalize mtihani wa fasihi, ndipo yeye ahamie kwa dada yake.

Mjukuu wangu alikuwa mezani na shairi lake la kale.

"Nisaidieni jamani. Hili ni la majibizano, mume na mke. Kesho naulizwa toni ya kila mmoja, na nikisoma peke yangu sauti zote zinakuwa moja. Baba, soma ubeti wa mume."

"Mimi na mashairi wapi na wapi?"

"Soma, baba!"

Akavaa miwani yangu, akasoma kama anayesoma kibao cha barabarani:

"Mbona kimya mahabubu, wakataa kutamka?"

"Mama, zamu yako."

Mkwe wangu alikuwa anakunja sare zake. Akainama juu ya kitabu, sare mkononi:

"Nimekwisha kukujibu, na mdomo umechoka."

"Hasira hiyo!" mwanangu akadakia. "Andika hasira."

"Mama, mwambie..." Nikatazama dari. Ikabidi amgeukie mumewe. "Hana hasira. Mwenye hasira bado ana nguvu. Huyu amechoka."

"Amechoka nini, na mume anambembeleza?"

"Anambembeleza baada ya kunyamaziwa. Alipokuwa anasema, mume alikuwa wapi?"

Kalamu ya mjukuu ikasimama.

"Kwani wewe ulisema lini?"

"Nilisema miguu imevimba, ukasema ni joto. Nilisema mgonjwa amenifia mikononi, ukaongeza sauti ya redio. Siku ya chai sikuwa na la kuongeza."

Mwanangu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana, akaifuta tena.

"Ya redio naikumbuka. Sikujua niseme nini."

"Ungesema hujui."

"Sijui, mke wangu. Hata sasa sijui. Lakini usiende."

Simu ya mkewe ikalia. Ujumbe wa dada yake: "Chumba nimeshafagia. Kesho unakuja saa ngapi?"

Akaandika polepole, mumewe akichungulia: "Kesho siji. Ila chumba usimpe mtu bado."

"Bado?"

"Ndiyo. Bado."

Mjukuu akaandika: *Toni ya mke, uchovu.* Mwanangu akainuka, akaingia jikoni. Tukasikia kabati moja likifunguliwa, likafungwa, likafunguliwa la pili.

"Sufuria ya chai iko wapi?"

Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Chini ya sinki," mkewe akamjibu mwenyewe.