Kazi Nyepesi ya Mgonjwa

Bibi alikohoa tangu alfajiri. Mkwewe, fundi wa kola katika karakana ya kushona sare, alimpa maji ya uvuguvugu. Kisha akamgeukia mumewe, msimamizi wa karakana hiyohiyo.

"Baba Pacha, kikohozi hiki tunakileta sisi kutoka kazini. Mara ya tatu! Daktari kasema kifua cha mama hakitahimili ya nne."

"Sasa mimi nifanyeje? Mfanyakazi akiugua namwonea huruma. Namwondoa kwenye cherehani, nampa kazi nyepesi."

"Kazi nyepesi! Anagawa vitambaa meza zote sita, anatukoholea usoni, na madirisha umefunga!"

"Upepo unapeperusha vitambaa."

Mke alichoka kubishana. Jioni alimwita jirani yao, mtakwimu wa idara ya afya. Jirani alipanga mezani vifungo ishirini na vinne, kimoja cheusi, katika mafungu sita ya vinnevinne.

"Shemeji, hawa ni wafanyakazi wako. Huyu mweusi anaumwa."

"Siku hizi ramli inapigwa kwa vifungo?" Baba Pacha alicheka.

"Ramli inakuambia nani kakuroga. Hesabu inakuonyesha ubadilishe nini. Tuseme kati ya kila watu watatu anaowakaribia, mmoja anaambukizwa. Akikaa mezani kwake?"

"Yuko na watatu. Ataambukiza mmoja."

"Akigawa vitambaa?"

Baba Pacha alihesabu kwa kidole. "Ishirini na watatu... wanane hivi."

"Na wanane hao wametapakaa meza zote. Kesho kila mmoja anaambukiza wenzake. Akibaki nyumbani je?"

"Hakuna." Baba Pacha alinuna. "Kwa hiyo huruma yangu ndiyo imewaangusha watu?"

"Huruma yako ina miguu, shemeji. Inazunguka mno."

"Una hakika ni wanane?"

"Sina. Ni makadirio. Huenda wakawa watano, huenda kumi. Lakini kupanda au kushuka, mzungukaji ndiye anayeeneza zaidi. Anza na yeye."

Kesho yake Baba Pacha alitangaza: anayekohoa abaki nyumbani. Vitambaa viwekwe kwenye kila meza kabla watu hawajaingia. Madirisha yafunguliwe, vitambaa vibanwe kwa vipande vya chuma.

Wiki mbili baadaye, aliamka akikohoa yeye mwenyewe. Mkewe alimkuta anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Karakana haiendi bila mimi."

"Wewe ndiye unayezunguka kuliko wote! Vua viatu. Barakoa hii hapa. Chumba cha nyuma, dirisha wazi, na kwa mama usisogee."

"Mke wangu, mimi ni msimamizi!"

"Mwanangu," Bibi aliita kutoka sebuleni, "unataka kuniua? Ingia chumbani!"

Aliingia, akagombana na ukuta siku tano, hadi kikohozi kikaisha.

Aliporudi karakana, cherehani zote zilikuwa zinalia. Alihesabu vichwa mara mbili, meza kwa meza. Hakuna aliyekosekana. Jioni, kabla hajavua koti, alisimama mlangoni pa mama yake akasikiliza. Bibi alikuwa amelala, anapumua polepole, bila kukohoa.