Pikipiki Ipo kwa Fundi

Soko la mitumba lilikuwa limefurika watu, na koti lenyewe lilikuwa moja. Lilikuwa la ngozi, jeusi, refu, limechakaa mikono lakini mgongo wake bado mzima. Dada mmoja alilishika upande wa kushoto. Mwanamume aliyesimama ng'ambo ya meza akalishika upande wa kulia. Wakatazamana, na hakuna aliyeachia.

"Dada, hili halitakutosha," mwanamume alisema.

"Kwani wewe litakutosha? Hili la kike."

"Mimi silivai. Nataka kulikalia."

Dada alicheka bila kutaka. Alikuwa mshonaji wa mikoba, amevaa gauni la kijani lenye mifuko mikubwa, na utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni kwa kusahaulika. Yule mwingine alikuwa na ovaroli ya buluu iliyofungwa mikono kiunoni, fulana nyeupe iliyofuliwa ikachoka, na kucha zenye grisi ambayo sabuni ilikwisha kata tamaa nayo. Lakini tabasamu lake, jamani! Wapo watu hawapaswi kutabasamu ovyo mbele za wenzao sokoni.

"Naunda pikipiki," alieleza. "Nataka ngozi ya kiti."

"Nani atakushonea?"

"Nitashona mwenyewe."

"Kwa vidole hivyo? Utashona kweli, au utakifunga kwa nati?"

"Basi nishonee wewe, unayejua kusema."

Wakapatana hapo hapo. Mgongo wa koti ungekuwa wa kiti, mikono ingekuwa ya mikoba. Muuzaji aliyekuwa akiwasikiliza akawaambia wakamalizie harusi yao mbele kidogo, wateja wengine wanataka kupita.

Kuanzia siku hiyo mwanamume alimwita Sindano. Mshonaji naye aliiandika namba ya mwanamume kwenye simu kwa jina moja tu, Fundi, na baada ya simu chache za "umekula?" na "usilale bila kunisikia," akaongeza na kopa jekundu.

*

Mshonaji alikwenda karakana kupima kiti. Ilikuwa nyuma ya duka la rangi, mlango wa bati, harufu ya petroli na chuma kilichochomwa. Fundi alikuwa ameweka kigoda kipya kwa ajili yake na kukifuta mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

"Karibu, kipenzi. Sasa sikiliza. Hii itakuwa boba. Unachukua pikipiki kuukuu, unaivua kila kitu isichokihitaji. Madigadi unakata, taa za mapambo unatoa, mkia wa fremu unaondoa. Inabaki fupi, imekaa chini, kiti kimoja. Chuma na injini, basi."

Kisha akavuta turubai.

Mshonaji alisimama akaganda. Tangi upande wa kushoto lilikuwa limesuguliwa rangi mpaka bati linaonekana, mahali ambapo buti la mpira la baba yake lilikuwa likigusa miaka nenda miaka rudi. Nyuma kulikuwa na kibebeo cha chuma alichochomelesha baba mwenyewe ili kibebe sanduku la chanjo. Baba alikuwa bwana mifugo. Hakuna zizi la ng'ombe katika eneo lile ambako pikipiki hii haikuwahi kuegeshwa.

"Umeipata wapi?" aliuliza.

"Kwa muuza vyuma chakavu. Angeikatakata. Nimeiokoa, ujue."

Aliyempelekea muuza vyuma pikipiki hiyo ni mshonaji mwenyewe. Baba alipotoka hospitali na kiharusi, mguu wa kushoto ukiwa mzito na mkono wa upande huo huo ukitetemeka, daktari alisema pikipiki basi. Baba alisikia, lakini hakukubali. Asubuhi moja binti yake alimkuta amelala uani chini ya pikipiki, ameshindwa kupiga kiki, anahema. Alimnyanyua, akamlaza, na baba alipopitiwa na usingizi akaiuza. Alipoamka akauliza.

"Ipo kwa fundi, Baba."

Maneno machache tu, ya kupoza. Lakini baba aliyashika. "Vizuri," alisema. "Mpaka itengemae, na mimi nitakuwa nimetengemaa." Akaanza kutembea. Kwanza mpaka mlangoni, halafu mpaka getini, halafu mpaka kona ya mtaa na fimbo yake, jasho likimtiririka. Daktari alishangaa, majirani wakampigia makofi, na kila alipomaliza alimuuliza binti yake, "Fundi anasemaje?"

Angemwambiaje sasa? Uongo ule ndio uliomnyanyua kitandani. Kila hatua ya baba ilimchoma, na kila hatua alimshangilia.

"Vipi?" Fundi aliuliza. "Huipendi?"

"Nzuri," alisema, akachukua utepe wake, akaanza kupima kiti.

*

Hapo ndipo kosa lilipokua na kuota miguu. Alikwenda tena karakana, na tena. Ni kweli kwamba siku za mwanzo alikwenda kwa ajili ya pikipiki, akitafuta namna ya kuirudisha. Na ni kweli pia kwamba baada ya muda mfupi alikwenda kwa ajili ya mtu. Alipenda jinsi Fundi alivyoongea na nati iliyokwama, "njoo mama, njoo taratibu," na jinsi alivyomnawisha mikono kwa maji ya vuguvugu kabla ya kula naye. Moyo ulikwisha mtoka.

Siku ya kukata mkia wa fremu, Fundi alikuwa tayari na msumeno wa umeme, miwani usoni.

"Usikate," mshonaji alisema ghafla.

Fundi akainua miwani. "Kwa nini, roho yangu?"

"Basi tu. Iache ilivyo."

"Nipe sababu moja. Moja tu, nami nitauweka msumeno chini. Nikikata hapa hakuna kurudi."

Sababu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Angeisema, pikipiki ingepona. Lakini Fundi angejua kwamba amekaa naye siku zote hizi amefunga mdomo, na baba angejua aliyeiuza ni nani. Kisha likamjia wazo ambalo hata mimi ninayesimulia naona haya kwa niaba yake. Alifikiri: ikikatwa, ikapakwa rangi, haitajulikana tena. Nitaweza kumpeleka Fundi nyumbani akiwa ameipanda, na baba hatashtuka.

"Nimekutania," alisema. "Kata."

Cheche ziliruka. Kibebeo cha sanduku la chanjo kilianguka sakafuni kikapiga kelele, na Fundi akakisogeza pembeni kwa mguu, hana hili wala lile. Mshonaji alitoka nje akajifanya anapokea simu. Alilia akiwa ameelekea ukuta, na aliporudi alisema moshi umemwingia machoni.

*

Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye simu yake mwenyewe. Mshonaji alikuwa anaoga. Simu ilikuwa mezani. Baba, ambaye siku hiyo alikuwa amezunguka mtaa mzima bila kupumzika, aliona amengoja vya kutosha. Akaichukua, akatafuta "Fundi," akampigia.

"Ndiyo, mpenzi," sauti ya kiume iliitika.

"Mpenzi wako nani? Mimi ni mwenye pikipiki! Wewe ni fundi gani wewe? Mwaka mzima umekalia mali ya watu!"

Fundi alijikuta amesimama wima. "Shikamoo, mzee. Pikipiki... ipi?"

"Anakuuliza ipi! Ile niliyokuwa nikiendea kazini. Tangi limechubuka kushoto. Nyuma ina kibebeo. Binti yangu kila siku ananiambia ipo kwa fundi, ipo kwa fundi. Mguu wangu umepona, wewe bado!"

Fundi aligeuka akaitazama boba, imekwisha pakwa rangi nyeusi, inang'aa. Akatazama na kile kibebeo kilichotupwa pembeni. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Nisamehe, mzee," alisema taratibu. "Njoo Jumamosi. Kosa ni langu."

Kisha akampigia mshonaji.

"Baba yako amenipigia."

Mshonaji alikaa kitandani, simu sikioni.

"Sindano, niambie. Ulikuja kwangu, au ulikuja kuilinda pikipiki?"

"Mwanzoni..." alianza.

"Ahaa."

"Mwanzoni tu! Halafu nilikupenda. Naapa nilikupenda."

"Nilikuuliza. Nilisimama na msumeno mkononi nikakuomba sababu moja. Umenifanya nikate miguu ya mzee wa watu huku nacheka. Mimi nitamtazamaje?"

"Naomba tuonane."

"Jumamosi anakuja. Ukimwambia kabla, umemwambia wewe. Usipomwambia, atayaona mwenyewe."

Akakata. Mshonaji alipopiga tena, simu haikupokewa. Akapiga mpaka akaona aibu.

Mnajua alimwambia baba lini? Hakumwambia. Jumatano alisema kesho. Alhamisi baba alikuwa na furaha mno. Ijumaa alimkuta anapaka buti zake za mpira mafuta ili zing'ae, na ulimi ukamkatalia.

*

Jumamosi baba aliingia karakana kwa miguu yake mwenyewe. Alivaa shati la kazini lililopigwa pasi, buti zake, na kofia. Fundi alimsalimia kwa mikono miwili. Mshonaji alisimama nyuma, kilemba kimekaa upande, macho mekundu. Fundi hakumtazama.

Boba ilikuwa katikati, bila turubai. Baba aliizunguka polepole, akagusa usukani, akapapasa kiti cha ngozi.

"Nzuri hii," alisema. "Kazi safi sana, kijana. Ya nani?"

Akageuza shingo, akatazama kuta zote nne.

"Na yangu iko wapi?"

Fundi alisogea mbele. "Mzee, kuna jambo. Mimi ndiye..."

"Ndiyo hiyo, Baba," mshonaji alisema.

Baba alimgeukia akitabasamu kama mtu anayengoja mwisho wa utani.

"Ndiyo hiyo. Haikuwahi kuletwa kwa fundi. Niliiuza mimi, siku ile uliyoanguka, ukiwa umelala. Nikakudanganya. Yeye aliinunua kwa muuza vyuma, hakujua. Alitaka kuikata, akaniuliza, nami nilikuwa naijua. Nikamwambia kata. Nilitaka usiitambue."

Tabasamu la baba halikuondoka mara moja. Liliondoka kidogo kidogo. Aliketi kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti.

"Kwa hiyo," aliuliza, "mimi nilikuwa natembea kwenda wapi?"

Mshonaji alipiga magoti mbele yake, akashika buti. Baba aliuvuta mguu wake taratibu, akasimama bila msaada, akatoka.

*

Walimfuata. Wangefanya nini? Baba mbele na fimbo yake, wao nyuma, na Fundi akiisukuma boba kwa sababu hakukumbuka kuiacha.

"Ulikuwa unataka kumwambia nini pale?" mshonaji aliuliza akifuta pua.

"Kwamba niliinunua kwa wezi. Kwamba wewe ulikuwa ukinifuata ili niirudishe, nikakataa."

"Wakati umenikasirikia hivyo?"

"Bado nimekasirika," Fundi alisema. "Nimekaa siku zote hizi nimekasirika, na kila jioni nimechukua simu nikaitazama kama mjinga. Hasira ni hasira. Wewe ni wewe."

"Sistahili."

"Hustahili," alikubali. "Lakini ulimwambia. Nilidhani hutaweza."

Aliiachia boba mkono mmoja, akaushika wake. Mikono yote miwili ilikuwa baridi. Mshonaji alitaka kufurahi na hakuweza, kwa sababu mbele yao mguu wa kushoto wa baba ulikuwa umeanza kuburuta.

Kwenye kona ya mtaa baba alisimama. Hakugeuka.

"Nyinyi wawili mtanifuata mpaka lini?"

Walimfikia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, na si jasho tu.

"Kijana, huyu ni mwongo," baba alisema.

"Najua, mzee."

"Na bado unamtaka?"

"Namtaka, mzee. Nilikuwa nije kukuomba kwa adabu, nikiwa nimevaa vizuri."

Baba alitikisa kichwa, akamgeukia binti yake.

"Nitakuuliza swali moja. Nimefanya mazoezi, umeniona. Nimetoka nyumbani mpaka kwa huyu kwa miguu. Nikipata pikipiki nyingine, nitaweza kuiendesha?"

Mshonaji alimtazama. Jibu la kumpoza lilikuwa jepesi, limekwisha panga foleni mdomoni kama siku zote. Aliona mkono wa kushoto ulioshika fimbo ukitetemeka. Aliona buti lililopakwa mafuta likiwa limelala upande.

"Hapana, Baba," alisema. "Hutaweza tena."

Baba alifumba macho. Pikipiki ya watu ikapita, na nyingine. Alipoyafumbua, alihamishia fimbo mkono wa kulia, na ule wa kushoto, ambao tangu hospitali hakuwahi kumruhusu mtu aushike, akaunyoosha kwa binti yake.

"Nishike basi," alisema. "Nimechoka."