Kila Mtu kwa Mkono Wake

Jioni ile ya Oktoba niliondoka nyumbani saa kumi na moja kasorobo, mkasi wa kukatia chuma ukiwa mkobani na hasira ya wiki tatu kifuani. Nilikuwa nakwenda kukata kufuli la mdogo wangu.

Mimi ndiye ninayeangalia njia za miguu hapa kijijini Thornby Keld. Silipwi. Nafyeka miiba, nanyoosha vibao, na mkulima akilima juu ya njia namwandikia barua hadi achoke. Wananiita Averil wa Njia, na nikishapita wananiita majina mengine. Sijali. Njia ya umma ni ya umma. Jumapili iliyokuwa inakuja nilitarajia wageni ishirini na wawili wa kutembea, na njia nzuri kuliko zote, Njia ya Jeneza, Wilf alikuwa ameifunga.

Hiyo ndiyo waliyopita wazee wa zamani wakileta maiti wao kanisani kutoka milimani. Inaingia kwenye shamba letu kwa geti moja la chuma. Shamba alirithi Wilf, mimi nikapata nyumba ndogo ya kijijini. Sikulalamika, maana Wilf ni mdogo wangu wa pekee na mama alipokufa nilimlea mimi. Kila Jumatano anakuja kwangu kunywa chai. Anasukuma geti la chuma la bustani yangu kwa goti, mikono imejaa mayai, nami namkaripia kwa kuniharibia rangi.

Jumatano tatu zilikuwa zimepita hajaja. Nilimpigia simu nikiwa njiani.

"Wilf, kufuli lako leo linakatika."

"Mbwa wa wageni wako waliniulia kondoo wawili. Umesahau?"

"Safari hii watawafunga kamba."

"Na maneno ya baba je?"

"Baba alikuwa mchoyo hata wa kumfungulia mtu geti."

Akacheka, na mimi nikacheka. Hatukuwa tumecheka pamoja tangu Septemba.

"Haya, kata, kichwa ngumu wee," akasema. "Ukimaliza teremka huku ule. Nimepika."

Maneno ya baba yalikuwa haya: geti la juu, lile la Njia ya Jeneza, kila mtu afungue kwa mkono wake. Wilf akiwa na miaka saba alilishika wazi, akasema kuna mtu anakuja. Mimi sikumwona huyo mtu. Baba alimzaba kofi hadi damu ikamtoka puani, kisha akalifunga geti. Nilimchukia baba kwa lile kofi hadi siku tuliyomzika.

Kwetu ukipita geti na mtu yuko nyuma yako, unamshikia. Yeye anasema asante, wewe unasema karibu. Unaweza kuwa humsalimii mtu miaka ishirini, lakini geti utamshikia.

Nilizungukia barabara ya juu ili nifike kwa upande wa nje, kama wageni watakavyofika. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima. Kufuli likalia *ka!* likaanguka. Mnyororo nikajivika begani, sipendi kuacha takataka. Nikasukuma, geti likapiga kelele, nikapita.

Ndipo nikasikia buti nyuma yangu.

Mwanamume. Koti refu, kofia imeshushwa hadi puani. Nilikuwa nimetoka barabara ile ile sasa hivi na sikuwa nimemwona. Nikalishika geti wazi, nikangoja. Alifika hatua mbili kutoka kwangu, akasimama. Alinuka sufu iliyolowa, udongo wa kufukuliwa... na kitu cha buchani.

"Unanishikia?" akanong'ona.

"Nakushikia. Pita, mvua inakuja."

Alipita kiubavu, amejikunyata, akikusanya koti lake lisiguse chuma. Hakusema asante. Alinipita kama anayepita nguzo, akateremka kuelekea taa za nyumba ya Wilf.

Nakiri nilikasirika. Kitu kidogo, lakini kwetu kinauma. Nikapaza sauti kwa kejeli, ili aone haya:

"Karibu! Karibu sana!"

Akasimama. Akageuka polepole.

"Nimekaribia."

Chini ya ile kofia hapakuwa na uso. Palikuwa na mdomo tu, mpana, hadi masikioni.

Kisha akakimbia, kwa mikono na miguu.

Kondoo walilia wote kwa pamoja. Nilimwona akimfikia wa kwanza, akamshika kichwa na kiuno, akampasua katikati. Alimtupa, akamrukia wa pili. Hakula hata mmoja, alikuwa akifungua njia tu. Nilikimbia nyuma yake nikiteleza kwenye matumbo ya moto, nikiita, "Wilf! Funga mlango, Wilf!" Mbwa wake, Moss, alibweka mara mbili. Ya tatu ilikatika katikati.

Wilf alikuwa uani na bunduki. Alipiga risasi mbili, akiwa karibu naye kuliko nilivyo mimi na birika langu sasa. Lile koti lilitikisika tu. Lile jitu lilimkamata mkono wa bunduki, likauzungusha, nikasikia mfupa. Likampiga ukutani mara moja, mara mbili. Taya lake likahama. Nakumbuka meno yakidondoka juu ya mawe, na sufuria jikoni ikiendelea kuchemka.

Nilivua mnyororo begani nikalichapa kwa nguvu zangu zote. Pale ulipotua nyama ilichanika na kutoa moshi. Likapiga yowe hadi vioo vya dirisha vikapasuka. Nikachapa tena. Likamwinamia Wilf, likampanua mdomo uliovunjika kwa mikono miwili, na mimi nikachapa tena...

Koti likabaki tupu.

Wilf akasimama, na mkono wake uliovunjika ukanikaba koo.

Nilimpiga. Nasema ukweli, nilimpiga ndugu yangu kwa mnyororo ule begani, usoni, kichwani, hadi vidole vikalegea akaanguka. Nilikuwa nalia na kupiga. Sikujua kama ninamuua yule mwingine au ninamuua yeye. Kisha nikakaa kwenye damu, nimekipakata kichwa chake, nikimwomba apumue.

Alipumua.

Polisi niliwaambia ni jambazi. Hakuna aliyeuliza kuhusu alama za mnyororo, au labda hawakutaka kuuliza. Hospitali walimfunga taya kwa waya, akakaa wiki saba bila neno. Nilikwenda kila siku na supu ya kunywa kwa mrija. Alinitazama tu. Mnyororo niliurudisha kwenye geti la juu, nikauwekea makufuli mawili. Wageni nikawaandikia njia imefungwa, wakalalamika, mmoja akaniita mchoyo.

Alipotoka nilimwendesha kwa gari hadi shambani. Alikuwa mpole. Jambo moja tu niliona, nikajikataza kuliona. Alingoja nimfungulie mlango wa gari. Alingoja nimfungulie na geti la uani. Nilijiambia ni mkono, bado umefungwa plasta. Nilimfungulia yote, na la uani nikaliacha wazi. Nilitaka sana awe Wilf.

Leo ni Jumatano. Plasta ilitolewa wiki iliyopita, na waya mdomoni pia. Saa kumi nimeweka birika, nimekata keki, nimetoa kikombe chake chenye ufa. Nikasikia buti zikija barabarani, nikafurahi kama mtoto.

Buti zikasimama.

Nimefungua mlango wa nyumba. Yuko nje ya geti la bustani, kofia imeshuka, manyunyu yanamlowesha. Mikono iko mfukoni. Mayai hakuleta.

"Ingia basi," nimesema. "Sukuma na goti lako, leo sikukaripii."

Hakusogea.

"Nishikie, dada."

Nimesimama kizingitini. Hatua sita tu. Ni uso wa mdogo wangu, mwembamba, na kovu la mnyororo kutoka sikio hadi kidevu, kovu nililolitia mimi. Niliwahi kumwosha uso huo damu ya puani, nikamwambia baba ni mtu mbaya. Upepo umeleta harufu ya sufu mbichi. Sijui, labda ni koti lake la shambani.

"Kila mtu kwa mkono wake, Wilf," nimesema.

Ametabasamu. Tabasamu limekwenda pembeni kwa sababu ya taya, kisha limeendelea kwenda.

"Siku ile nilisahau adabu," amenong'ona. "Asante."

Kinywa changu kilikwisha kufunguka. Miaka sitini na mitatu ya mazoea, neno likaja lenyewe hadi kwenye meno. Nikauma ulimi hadi damu.

Nimefunga mlango kwa komeo. Naandika haya mezani, chai imepoa. Kila baada ya dakika chache anarudia, kwa upole tu, asante, asante... na katikati, mara moja, nimesikia sauti ya Wilf mwenyewe, ndogo, ya miaka saba, ikiniomba nimfungulie.