Jibu la Chumba cha Pili

Kilichopaswa kumtia shaka daktari ni majibu kuja haraka mno.

Wasomi wana uvivu wao, usidanganywe na koti jeupe. Daktari kijana, waliyembandika jina la Kichwa kwa majivuno yake, kitabu cha dawa alikitumia kuzuia mlango. Akikwama, aligonga ukuta na kumuuliza daktari mzee wa chumba cha pili. Mzee alikohoa kwanza, akapekua makaratasi, ndipo akajibu. Wiki hii jibu lilifika kabla swali halijaisha. Upele wa bibi mmoja, kifua cha seremala: yote sawasawa, wagonjwa wakapona. Ila ukuta ulinuka nywele zilizoungua.

Alhamisi mchana mama mmoja aliingia mbio na binti yake wa kilo kumi na moja, degedege limemkaza kama ubao.

Kichwa akagonga. "Mzee, kilo kumi na..."

"Jaza bomba zima la sindano," sauti ikasema. "Choma upesi."

Muuguzi, mama mtu mzima, alikuwa ameshika mguu wa mtoto. Akainua macho. "Unaongea na nani, mwanangu?"

"Na mzee, Sista."

"Mzee yuko likizo tangu Jumatatu. Ufunguo wake ninao mimi, mfukoni."

"Kwani hiyo sauti hujaisikia?"

"Nimeisikia," akanong'ona. "Ndiyo maana nauliza."

Kichwa alilitazama bomba alilokwisha kulijaza, akamtazama mtoto, akaelewa kwamba siku zote hizo, kwa kila jibu sahihi alilopewa bure, alikuwa kama kuku anayetupiwa mtama na mtu aliyeficha kisu nyuma.

"Kitabu, baba," muuguzi alisema. "Jivunie kesho."

Alikiokota sakafuni, akapekua huku mama mtoto akilia kimyakimya na ile harufu ikizidi kuwaziba pua, mpaka akaupata mstari: kipimo chenyewe hakikufika hata robo ya bomba. Akamwaga kilichozidi, akachoma. Mtoto akalegea, akavuta pumzi, akalia.

"Alhamdulillahi," mama akasema.

Ukutani sauti ikaja tena, safari hii kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza.

"Daktari, nami nina swali. Mtoto wa kilo kumi na moja akikataa kufa, hupewa nini?"

Kichwa akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kwa sababu jibu alilijua, na ulimi ulikuwa umeshaanza kulitamka.