Kelele za Bati Jipya

Kila jioni Evarista hufagia uwanja, kisha hubandika maji ya ugali. Mwezi ule, jua lilipozama tu katika bonde la Usangu na hewa kuanza kupoa, juu ya nyumba yao palisikika: Ko! Ko-ko!

Baba yake, Mzee Kalinga, alikuwa ameezua nyasi na kuezeka bati jipya, akalipenda kama mboni ya jicho lake. "Nani anatupia mawe nyumba yangu?" alifoka.

Saa hizo ndipo Prisca, binti wa Mzee Masunga mfugaji, alipokuwa akipita hapo akirudisha ndama nyumbani. Yeye na Evarista walikuwa marafiki, wote darasa la sita. Jioni moja Mzee Kalinga akamshika mkono.

"Ni wewe!"

"Si mimi, baba, haki ya Mungu!"

Mzee Kalinga akamgeukia binti yake. "Evarista, ulimwona?"

Evarista hakuwa ameona kitu. Lakini wiki ile Prisca alichaguliwa kiranja, nafasi aliyoitamani yeye, na kijiba cha roho kilikuwa bado kinamkereketa.

"Ndiyo, baba. Nilimwona."

Loo, mtoto huyu! Mzee Kalinga akaenda kushtaki kwa kina Prisca na shuleni. Mzee Masunga alimchapa binti yake mbele ya majirani, maana walikuwa wamehamia karibuni na hakutaka ugomvi na wenyeji. Shuleni Prisca akavuliwa ukiranja.

Kesho yake alipitisha ndama njia ya mbali. Jua likazama. Ko! Ko-ko!

Baba na binti wakatazamana. Nje hapakuwa na mtu. Asubuhi Evarista alimfuata Mwalimu Severina, aliyewafundisha sayansi, akamweleza yote, hata uongo wake.

Jioni mwalimu akaja mwenyewe. "Mzee, bati likipigwa na jua hutanuka. Jua likizama hupoa na kusinyaa, lakini misumari imelishika. Huvutana nayo, kisha huteleza kwa ghafla. Ndiyo kelele unayoisikia. Nyasi hazifanyi hivyo."

Bati likalia juu ya vichwa vyao. Mzee Kalinga akainamisha uso kwa aibu.

Wakaenda wote kuomba radhi. Mzee Masunga aliwapa viti, akawasikiliza hadi mwisho.

"Nimewasikia," alisema. "Ila nilimchapa mwanangu kwa ushahidi wa rafiki yake. Zile fimbo nani atazitoa mwilini mwake?"

Evarista akamsogelea Prisca. "Nisamehe."

"Bati lililia kwa sababu ya baridi," Prisca alisema. "Wewe nilikukosea nini?" Akaenda kufunga ndama.

Njiani Evarista alilia kwa kwikwi. Mwalimu Severina hakumbembeleza.

"Baba yako alikosea kwa kutojua, ingawa ilimpasa achunguze kwanza. Mambo ya bati yanafundishika. Lakini wewe ulijua kabisa kwamba hukuona, ukasema umeona. Ukiulizwa, sema ulichokiona kwa macho yako, hata kama anayeuliza ni mzazi wako, hata kama humpendi anayeshtakiwa."

"Kesho nitasema ukweli mbele ya darasa zima, mwalimu. Atarudishiwa ukiranja. Atanisamehe?"

"Ukiranja atarudishiwa. Kusamehe ni hiari yake, huwezi kumdai."

"Na asipotaka?"

"Asipotaka, mwanangu, utakuwa umempoteza rafiki, na hakuna wa kumlaumu ila wewe."