Sauti Iliyopaswa Kubaki Kaburini

Siku ya tatu ya kurekodi, Lydie, fundi wa sauti, alivua kaske masikioni, akamwangalia Faustin kama mtu aliyekuta unywele ndani ya sahani ya bukari.

"Vieux Faustin, ile réplique, sentensi yako, umeshaisema?"

"Bado. Nilikuwa nasafisha koo kwanza."

"Basi nani ameisema?"

Waigizaji wenzake wakacheka. Walimzoea Faustin, mwenye kitambi kinachotangulia kuingia mlangoni, miaka ishirini na tano jukwaani akiivunja mbavu Lubumbashi. Studio ilikuwa gereji ya villa moja ya mtaa wa Golf, kuta zimevalishwa magodoro ili sauti isirukeruke. Humo watu wanane walikuwa wakisoma pamoja, kila mmoja na mikro yake, kitabu cha kusikiliza chenye mazimwi na mapanga yanayoongea. Hortense alikuwa malkia. Faustin alikuwa Mfalme wa Shimo, mfu anayewaita walio hai washuke kwake, na sauti aliyompa ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, pumzi inakatika katikati ya neno.

Siku ya kwanza Hortense alimvuta pembeni. "Shemeji, ile sauti ni ya Katongo."

"Inafanana tu, mama," alisema Faustin, akitazama viatu vyake.

Katongo, mume wa Hortense, alikufa mwezi wa pili, mapafu yamejaa vumbi la migodi ya Kambove. Kwenye kilio chake Faustin ndiye aliyekuwa mtani. Katika koo zao, mtani humwiga marehemu, mwendo wake na kikohozi chake, mpaka wafiwa wacheke huku wanalia. Kaburi likishafunikwa, mtani husukutua maji, huyatema juu ya udongo, na sauti inabaki pale na mwenyewe. Faustin alisukutua vizuri sana, mashavu yamevimba kama chura, watu wakacheka. Kisha akageuka na kuyameza. Ilikuwa sauti nzuri mno kuitupa.

Lydie akarudisha nyuma, wakasikiliza. Kitabu kilisema, "Shukeni kwangu." Spika ikamwita, "Faustin, kuya kwangu."

Hakuna aliyecheka tena. Harufu ya udongo mbichi ilipanda kutoka sakafuni, imechanganyika na ya dawa ya hospitali.

"Vieux, acha michezo," Lydie alinong'ona.

"Mi sijafungua mdomo."

Lydie akaizima mikro ya Faustin, akauchomoa waya wake kabisa, akaushika mkononi ili wote wauone, lakini kwenye kompyuta mstari wa mikro ile uliendelea kupanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mgonjwa anayetafuta hewa, na spika zikaanza kukohoa, kikohozi kile kikavu ambacho Hortense alikilalia na kukiamkia miaka miwili, na baada ya kikohozi yakaja maneno yaliyokatikakatika, ambayo hayakuandikwa katika ukurasa wowote wa kitabu.

"Faustin, hii ni audio ya sita nakutumia. Niko bado ku lopitalo, ku kitanda. Hortense amechoka, analala chini. Kuya, hata dakika tano. Niko naogopa."

Kisha vikasikika vicheko, vingi, na chupa zikigongana, na sauti nene ya Faustin mwenyewe ikimwiga mgonjwa: niko naogopa, niko naogopa.

"Ilikuwa ku bar ya hoteli Karavia," spika ikasema taratibu. "Batu balicheka sana, Faustin. Uliwachezea audio zote sita."

Faustin alitamani magodoro yale yamfunike. Mtu aliyeishi kwa kutazamwa hakujua aweke wapi uso wake.

Hortense hakupaza sauti. "Uliniambia téléphone yako ilikuwa imeibwa."

Alasiri ile ile walimpeleka makaburini, kwenye kaburi la Katongo, kwa mama Émerance, mkubwa wa watani. Mama Émerance alimpa kikombe cha maji.

"Haiko mambo ya maombi hapa, mwanangu. Mbele ya huyu mama, sema na mudomo yako mwenyewe kile ulifanya. Umuombe samahani. Kisha uteme."

Faustin alifungua mdomo. Alikuwa na sauti ya kujaza ukumbi bila mikro, akaitafuta kifuani, akaitafuta tumboni. Ikatoka ile nyembamba ya Katongo.

"Hortense, unisamehe. Nilikuacha peke yako."

Hortense alifumba macho. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Nimekusamehe, Katongo, bwana yangu. Weye haukukosa kitu."

Faustin akatikisa kichwa, akajipiga kifua, akalia. "Ni miye, Faustin. Ni miye nilikosa." Kila neno lilitoka na pumzi ya marehemu, na kikohozi chake.

Hortense hakufumbua macho.

"Ule Faustin umuache," alisema kwa upole. "Ule hakukuya."